McMillan: Maktaba Iliyowafungia Wafanyakazi Mlango, Ikaja Kuwa Yao

Jirani na Msikiti wa Jamia, katikati ya Nairobi, pamesimama jengo la nguzo nene na ngazi pana, na simba wawili wa mawe wamewekwa kulinda mlango. Hiyo ndiyo Maktaba ya McMillan. Ilifunguliwa mwaka 1931, na tangu hapo bendera imebadilika, majina ya barabara yamebadilika, na jiji limepanuka hadi kumeza mashamba yaliyokuwa mbali nalo. Jengo limebaki pale pale.

Taasisi ikizidi umri wa miaka tisini, desturi ni kuwashukuru waanzilishi wake na kusifu ukubwa wa hazina yake. Shukrani hizo zina mahali pake. Lakini historia ya McMillan haikamiliki bila kuwataja watu ambao hawakualikwa siku ya ufunguzi: vibarua wa reli, makuli wa bandarini, wapishi na madobi, makarani wa halmashauri, mafundi wa Kihindi na wafagiaji wa barabara. Wao ndio waliolibeba jiji, na kwa muda mrefu hawakuruhusiwa kuketi humo na kufungua kitabu. Leo maktaba ni mali ya umma, na matawi yake mawili yako katika mitaa ya wafanyakazi. Safari hiyo ndiyo fahari yake kubwa, na deni lake kubwa pia limo humo humo.

Kumbukumbu ya bwana mmoja

Sir William Northrup McMillan alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa St. Louis, aliyekuja Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20 akiwa na mali nyingi. Alimiliki ardhi kubwa upande wa Juja na Ol Donyo Sabuk. Mwaka 1909 alimkaribisha Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani kama rais wa Marekani, katika safari yake mashuhuri ya uwindaji. McMillan alifariki mwaka 1925. Mjane wake, Lady Lucie McMillan, akaamua kumjengea mumewe kumbukumbu ya kudumu, na kwa msaada wa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani kumbukumbu hiyo ikawa maktaba.

Mwaka 1938 ilitungiwa sheria yake yenyewe, Sheria ya Maktaba ya Kumbukumbu ya McMillan. Majengo yenye sheria inayoyataja kwa jina ni machache mno nchini Kenya, na ulinzi huo umesaidia jengo hili kusimama wakati majirani zake wa umri mmoja wakibomolewa kupisha maghorofa. Lakini sheria ililinda mawe na vitabu. Haikumlinda msomaji ambaye ngozi yake haikuwa nyeupe. Maktaba ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika aliyepita mbele yake akielekea kazini, hata kama alijua kusoma lugha tatu, aliishia kwenye ngazi.

Tusilisome jambo hilo kama kasoro ndogo ya zama zake. Ndivyo jiji zima lilivyopangwa. Nairobi ilihitaji mikono ya wafanyakazi mchana na haikutaka kuwaona usiku. Makazi, hospitali, shule, hoteli na hata vyoo viligawanywa kwa rangi. Maktaba ilifuata mpango huo huo, na kwa upande wake ilichogawa ni maarifa.

Karatasi ya kwanza ya mfanyakazi

Ili kuelewa kwa nini maktaba ni suala la kazi na ujira, tuiangalie karatasi nyingine ya zama hizo. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi alipaswa kuwa na kipande. Ndani ya karatasi hiyo mlikuwa na jina lake, alama za vidole vyake, jina la mwajiri, siku aliyoajiriwa na mshahara aliolipwa. Ilikunjwa, ikatiwa ndani ya kikebe cha bati, na kikebe kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Mwajiri asipoweka sahihi ya kumwachilia, mtu hakuweza kwenda kutafuta kazi kwingine bila kuhesabiwa mtoro.

Kwa hiyo kumbukumbu za kwanza zilizopangwa kuhusu wafanyakazi wa Kenya ziliandikwa na watu waliotaka kuwadhibiti. Serikali ilijua nani yuko wapi, analipwa nini, na ametoroka lini. Baadaye zikaja ripoti za polisi juu ya mikutano na barua za wakuu wa wilaya juu ya "wachochezi". Mwanahistoria anayefungua majalada hayo anawakuta wafanyakazi wengi, lakini anawasikia kwa sauti ya karani wa serikali.

Sauti yao wenyewe ilisikika barabarani. Harry Thuku na chama chake, East African Association, walisimama mwaka 1921 kupinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alipokamatwa Machi 1922, wafanyakazi wa Nairobi waliacha kazi wakakusanyika nje ya kituo cha polisi. Tarehe 16 risasi zikafyatuliwa. Muthoni Nyanjiru, aliyewakemea wanaume waliotaka kutawanyika, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Hesabu rasmi ilitaja watu 21. Kituo hicho ni mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka mahali ambapo miaka tisa baadaye palifunguliwa maktaba.

Mombasa ikafuata na yake. Makuli wa bandari waligoma mwaka 1939. Januari 1947 mji mzima ulisimama kwa siku 12: bandari, reli, hoteli, na majumba ya matajiri yaliyokosa wapishi na madobi. Wafanyakazi wapatao 15,000 walishiriki. Kutokana na mgomo huo Chege Kibachia aliibuka kuwa kiongozi wa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, na kabla mwaka haujaisha akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Baringo.

Kaloleni, Aprili 1950

Upande wa mashariki wa Nairobi, ng'ambo ya reli, halmashauri ilijenga mtaa wa Kaloleni katika miaka ya arobaini, na mateka wa vita wa Kiitaliano walitumiwa katika ujenzi. Ulikuwa mtaa wa nyumba za chini zenye nyasi kati yake, uliokusudiwa wafanyakazi Waafrika na familia zao, na katikati yake kulikuwa na ukumbi wa jamii. Ukumbi ule uligeuka bunge la watu wasio na bunge. Mashauri ya mishahara, ya ardhi na ya siasa yalijadiliwa humo.

Mwaka 1950 ulianza kwa sherehe. Tarehe 30 Machi Nairobi ilipewa hati ya kifalme ya kuwa jiji. Vyama vya wafanyakazi chini ya Baraza la Vyama vya Wafanyakazi la Afrika Mashariki, lililoundwa tarehe 1 Mei 1949 chini ya Fred Kubai kama rais na Makhan Singh kama katibu mkuu, vilitaka sherehe hizo zisusiwe. Walihoji jiji hilo lilikuwa la nani. Wiki chache baadaye, tarehe 23 Aprili, katika mkutano wa pamoja wa chama cha siasa cha Waafrika, KAU, na Kongresi ya Wahindi pale Kaloleni, Makhan Singh alitoa hoja kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Hoja ya kiongozi wa wafanyakazi, katika ukumbi wa mtaa wa wafanyakazi, ilitangulia kwa miaka 13 bendera iliyopandishwa Desemba 1963.

Tarehe 15 Mei yeye na Kubai walikamatwa. Kesho yake mgomo mkuu ukaanza Nairobi, ukadumu zaidi ya wiki moja, huku magari ya deraya yakizunguka mitaani. Wagomaji walidai viongozi wao waachiliwe, na pia walidai mshahara wa chini wa shilingi 100 kwa mwezi.

Maktaba ya mjini haikuguswa na mgomo ule. Wasomaji wake hawakuwa wagomaji. Lakini ilipokea magazeti, na hapo ndipo historia ya McMillan inapokutana na historia ya kazi bila mtu yeyote kupanga.

Magazeti yanasema nini

Hazina kubwa ya McMillan ni magazeti yake ya zamani. Miongoni mwake limo gazeti la Standard, lililoanzishwa Mombasa mwaka 1902 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee kabla ya kuuzwa na kuhamia Nairobi. Kaeni na jalada moja la magazeti ya miaka ya arobaini muone kazi iliyomo. Ni zito, inabidi libebwe kwa mikono miwili na kulazwa mezani, halisimamishwi. Karatasi yake imetengenezwa kwa massa ya mti, na massa hayo yana asidi inayoila karatasi kutoka ndani. Kwanza inakuwa ya manjano, kisha ya kahawia, kisha pembeni inakatika kama jani kavu ukiigusa kwa haraka. Joto, unyevu, vumbi la barabara na mikono ya wasomaji huongeza kasi. Kila mwaka unaopita bila kulitunza, maneno machache yanaanguka sakafuni na kufagiliwa.

Ni magazeti ya walowezi, na mgomo umetazamwa humo kwa jicho la mwajiri. Hata hivyo msomaji makini hupata mengi. Akisoma bei za unga na nguo katika matangazo ya biashara, kisha akaziweka kando ya mshahara unaodaiwa na wagomaji, anaelewa kwa nini walidai kiasi kile. Matangazo ya kazi yanamwambia kazi ipi ilitengewa rangi ipi. Barua za wasomaji zinamwonyesha hofu ya wenye mali. Halafu analinganisha na magazeti ya Kiswahili kama Baraza, lililoanza mwaka 1939, anaona tukio lile lile likiandikiwa wasomaji wa upande wa pili wa jiji. Kazi ya maktaba ni kuyaweka yote mawili mezani, hukumu amwachie msomaji.

Mtu aliyetunza kila karatasi

Magazeti peke yake hayatoshi. Historia ya vyama vya wafanyakazi imo katika vitabu vya muhtasari wa vikao, stakabadhi za ada, barua za madai, vipeperushi vilivyogawiwa langoni mwa viwanda. Hizo ndizo karatasi zinazopotea upesi kuliko zote, kwa kuwa chama maskini hakina kabati, na chama kinachowindwa na polisi kina sababu ya kuchoma karatasi zake.

Ndiyo maana Kenya ina bahati kuwa ilimpata Makhan Singh. Alizaliwa Punjab mwaka 1913 na kuja Kenya akiwa kijana mwaka 1927. Baba yake, Sudh Singh, aliyekuwa fundi seremala, alifungua kiwanda cha kupiga chapa Nairobi, na mtoto akakulia kati ya wino na herufi za risasi. Alipokuwa katibu wa Chama cha Wafanyakazi cha Kenya mwaka 1935, vipeperushi vya chama vilipigwa chapa kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo, ili fundi wa Kipunjabi na kibarua Mwafrika wasome wito ule ule. Mwaka 1937 mafundi waligoma miezi miwili, wakapata nyongeza ya mishahara.

Aliandika, alipiga chapa, na alihifadhi. Serikali ilimfunga kizuizini kuanzia Mei 1950 hadi Oktoba 1961, katika Lokitaung, Maralal na Dol Dol, lakini karatasi nyingi zilisalimika. Alipotoka, hakupewa cheo chochote cha maana katika serikali ya uhuru aliyoipigania. Akaketi na nyaraka zake akaandika kitabu cha historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya hadi mwaka 1952, kilichochapishwa na East African Publishing House mwaka 1969. Kitabu cha pili kilitoka baada ya kifo chake cha mwaka 1973. Nyaraka zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanahistoria wengi walioandika kwa uzito juu ya wafanyakazi wa Kenya wamepitia mlango huo.

Mfano wake unatufundisha kwamba historia ya kazi haijihifadhi yenyewe. Penye katibu aliyetunza muhtasari, leo pana ushahidi. Pasipo na katibu wa namna hiyo, tumebaki na ripoti ya askari. Na ripoti zenyewe hazikuachwa zote. Wakoloni walipokuwa wakiondoka, majalada mengi yalichomwa na mengine yakasafirishwa Uingereza kwa siri. Serikali ya huko ilikiri mwaka 2011 tu, wakati wazee wa Mau Mau walipoishtaki mahakamani London, kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya majalada kutoka makoloni 37.

Mlango unafunguliwa

Kuelekea uhuru, vizuizi vya rangi vikaondolewa na maktaba ikawa chini ya halmashauri ya jiji. Hapa pana jambo la kukumbukwa: halmashauri hiyo ndiyo iliyomwajiri Tom Mboya, bwana afya kijana, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, na ni katika kuwaunganisha wafanyakazi wenzake wa halmashauri ndipo alipoanza uongozi uliomfikisha kuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Kenya mwaka 1953. Leo sanamu yake imesimama Moi Avenue, mbele ya Nyaraka za Taifa, karibu na mahali alipouawa Julai 1969. Wakutubi wa McMillan, wafagiaji wake na walinzi wake ni wafanyakazi wa umma wa jiji lile lile.

Maktaba ikapata matawi mawili, na yote mawili hayakuwekwa kwenye mitaa ya wenye magari. Moja liko Kaloleni. Jingine liko Makadara, kando ya Barabara ya Jogoo, na hujulikana kama Maktaba ya Eastlands. Jirani zake ni Jericho, Maringo, Makongeni na Mbotela, mitaa ambayo watu wake kwa vizazi wameamka alfajiri kutembea hadi viwandani. Katika nyumba ya chumba kimoja ambamo watu sita wanapika, wanalala na kusikiliza redio, mtoto hana pa kufungua daftari. Meza ya maktaba ndiyo chumba chake cha kusomea. Mlinzi aliyemaliza shifti ya usiku anakuja kusoma gazeti asiloweza kulinunua kila siku. Kijana wa jua kali anatafuta kitabu cha umeme. Mama anayejiandaa kwa mtihani wa watu wazima anapata saa mbili za utulivu. Huduma hizo haziingii katika hotuba, lakini ndizo zinazoipa maktaba uhalali wake katika jiji la wafanyakazi.

Miaka ya uhaba ilifuata. Bajeti zilipungua, paa zikavuja, vitabu vikazeeka bila kubadilishwa. Mwaka 2017 Angela Wachuka, mchapishaji, na Wanjiru Koinange, mwandishi wa riwaya, walianzisha shirika la Book Bunk, kisha wakaingia ubia na Kaunti ya Jiji la Nairobi kuzirejeshea hadhi maktaba hizo tatu. Walianza na matawi ya Kaloleni na Makadara, na uamuzi huo unastahili sifa: wasomaji wa Eastlands walipata rangi mpya, meza mpya na vitabu vya Kiafrika kabla ya jengo la nguzo kushughulikiwa. Kazi ya kuorodhesha na kupiga picha za kidijitali nyaraka na magazeti nayo ikaanza. Filamu iliyofuatilia juhudi zao, How to Build a Library, ya Maia Lekow na Christopher King, ilionyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka 2025, na watu wa nchi za mbali wakajua kwamba Nairobi ina maktaba inayopigania maisha yake.

Deni lililobaki

Kwa nini basi tuzungumzie deni? Kwa sababu mpaka sasa historia ya wafanyakazi wa Nairobi imetapakaa. Magazeti yako McMillan. Nyaraka za Makhan Singh ziko chuo kikuu. Majalada ya idara ya kazi yako Nyaraka za Taifa. Majalada yaliyosafirishwa yako Uingereza. Vyama vyenyewe vina karatasi ambazo katibu mpya akichaguliwa huzikuta katika maboksi, akazitupa ili apate nafasi ya kiti. Na wazee waliohudhuria mikutano ya Kaloleni wakiwa watoto wanaondoka mmoja mmoja.

Mkaaji wa Kaloleni anayetaka kujua kilichosemwa katika ukumbi ulio hatua chache kutoka mlangoni kwake asilazimike kuomba kibali cha mtafiti katika taasisi nne. Inawezekana kumfikishia. Nakala za nyaraka za Makhan Singh na za magazeti ya 1947 na 1950 zinaweza kuwekwa katika tawi la Kaloleni, kwenye karatasi na kwenye kompyuta, zikiwa na maelezo ya Kiswahili. Vyama vya wafanyakazi vinaweza kutunga kanuni kwamba muhtasari wa vikao vya zamani na stakabadhi havitupwi, vinapelekwa maktaba. COTU, shirikisho kuu la vyama vya wafanyakazi lililorithi uwanja huu tangu 1965, inaweza kutenga sehemu ndogo ya ada kulipia jalada lisilo na asidi, kikaushia unyevu na mshahara wa mkutubi mmoja aliyesomea nyaraka. Vijana wanaokuja kufanyia kazi za shule Makadara wanaweza kufundishwa kurekodi simulizi za babu na bibi zao waliofanya kazi reli, viwandani na majumbani mwa watu, na simulizi hizo zikapata namba ya rafu kama kitabu kingine chochote. Wafanyakazi wa nyumbani wakumbukwe kwanza, maana hao ndio walioacha karatasi chache kuliko wote.

Hayo yote hayahitaji jengo jipya. Jengo lipo, sheria ipo, wakutubi wapo, na wasomaji wanapiga foleni kila asubuhi ya mitihani. Lady McMillan aliweka maktaba ili jina la mtu mmoja lisisahauliwe, na lengo lake lilitimia. Sasa ni zamu ya majina ya waliogoma, waliofungwa na waliolipa ada ya chama kwa senti za mshahara wa kibarua. Siku majina hayo yatakapopatikana katika orodha ya vitabu ya Kaloleni, kwa mtu yeyote mwenye kadi ya maktaba, McMillan itakuwa imelilipa jiji lililoijenga.